Wafu Wasiokufa: Dragon Ball Z na Wafasiri Wake wa Kiingereza

Ndugu wasomaji, musishangae kukuta filimu ya watoto katika kurasa hizi. Vijana wa parokia zetu wanaitazama katika simu zao, wakisongamana watu watano mbele ya kioo kimoja kidogo. Juzi, kiisha mazoezi ya kwaya, kijana mumoja aliniuliza: "Padri, wale watu wa muji uliovunjwa, wamekufa ao hawakufa? Katika sauti za Kijapani, maandiko ya chini yanaonyesha kwamba wamekufa. Katika Kiingereza wanasema kwamba nyumba zilikuwa tupu."

Sikuwa na jibu. Basi nikatafuta vipande hivyo, nikavitazama katika namna zote mbili, kimoja kwa kimoja. Nimeona kwamba swali la kijana yule ni swali la kweli. Tena linatugusa sisi mapadri, waseminari na makatekista, kwani kazi yetu ya kila siku ni kuchukua neno la lugha moja na kulifikisha katika lugha ingine.

I. Kazi yenyewe

Dragon Ball ni hadisi ya picha iliyochorwa na Mujapani Akira Toriyama, tangu 1984 mpaka 1995, katika gazeti la vijana linalotoka kila juma, Weekly Shōnen Jump. Toriyama aliaga dunia mwaka 2024. Kampuni Toei Animation iligeuza hadisi hiyo kuwa filimu ya televizyo tangu 1986. Sehemu ya pili, Dragon Ball Z, ilianza 1989 ikaisha 1996; ina vipande 291. Huko Japani ilionyeshwa na Fuji TV siku ya Jumatano, saa moja ya jioni, saa ambapo wazazi na watoto wako pamoja nyumbani. Tukumbuke jambo hilo: haikufanywa kwa watoto walioachwa peke yao.

Mukubwa wa hadisi anaitwa Goku. Alilelewa na muzee mumoja mulimani, mbali na watu. Anapenda kula, anapenda kupigana, hana hila. Akiisha kuwa mutu muzima na kupata mutoto, anasikia kwamba yeye si mutu wa dunia hii. Ni wa kabila la Wasaiyan, wapiganaji wa nyota ingine, na alitumwa hapa akiwa mutoto muchanga kusudi awaangamize watu wote. Katika Kijapani anasema kama mutu wa shamba, kwa matamko ambayo mutu wa muji hawezi kuyatumia. Sauti yake ni ya mwanamuke, Masako Nozawa, aliyezaliwa 1936, ambaye alianza kazi hiyo 1986 na alikuwa akiifanya bado katika Dragon Ball Daima ya 2024. Sauti ile ni nyembamba, ya kitoto, ya kuchekesha hata. Anayeisikia mara ya kwanza hawezi kudhani kwamba ni sauti ya mupiganaji mukubwa. Ndiyo maana inafaa: nguvu zimekaa ndani ya mutu munyonge wa kijiji, asiyejua kujikuza.

II. Waliofasiri

Mwaka 1994 Gen Fukunaga, mutu mwenye asili ya Japani, alianzisha huko Marekani kampuni Funimation. Alishirikiana na kampuni Saban kwa mambo ya televizyo, na waigizaji wa Vancouver, Kanada, wakatia sauti za Kiingereza. Kazi yao ilianza kuonekana Septemba 1996. Kutoka katika vipande 67 vya mwanzo walifanya vipande 53 tu, mengine yalikatwa. Hata filimu nzima, The Tree of Might, iligawanywa mara tatu ikaonyeshwa kama vipande vya kawaida.

Kazi hiyo ilisimama mwaka 1998. Lakini mwaka uleule Cartoon Network ilirudia vipande vile katika saa zake za Toonami, watoto wakavipenda sana. Basi Septemba 1999 Funimation iliendelea na kazi yenyewe huko Texas, kwa sauti mpya: Sean Schemmel akawa Goku, Christopher Sabat akawa Vegeta na Piccolo. Waliondoa muziki wa Shunsuke Kikuchi, wakatia muziki mupya wa Bruce Faulconer. Walimaliza mwaka 2003.

Yapasa kuwa wenye haki. Pasipo watu hao, watoto wa Marekani wangekaa bila kujua Goku ni nani, na kijana wetu pia asingemupata katika Kiingereza. Tena hawakuwa huru. Televizyo za watoto zina sheria kali, na wakubwa wake waliogopa barua za wazazi. Sauti zenyewe, zile za Texas zaidi, zilizidi kuwa nzuri mwaka kwa mwaka. Vegeta wa Sabat, mwana wa mufalme mwenye majivuno, mwenye kuonea kila mutu haya isipokuwa nafsi yake, ni kazi ya mutu aliyefahamu anachokisema. Tena kuna makosa madogo yasiyo na dhambi. Dunia nzima inacheka juu ya Vegeta mwenye kupiga kelele kwamba nguvu za Goku zimepita 9000. Kijapani kinasema 8000. Hilo ni kosa la hesabu tu, wala hadisi haiumii. Makosa ninayotaka kuyapima ni mengine, yaliyofanywa kwa kusudi.

III. Kifo kilichoondolewa

Tuanze na yaliyo halali. Katika kazi ya 1996 damu ilipunguzwa, watoto uchi wakavikwa, kileo kikageuka maji. Juu ya hayo sina ugomvi. Mwenye kulinda watoto ana haki ya kufunga mulango mumoja ao miwili.

Lakini hawakuishia pale. Waliondoa kifo. Mwanzoni mwa hadisi Goku anakufa: anamushika ndugu yake Raditz kwa nyuma, na Piccolo anawapiga wote wawili kwa mushale mumoja wa nuru, kwani hakuna njia ingine ya kumwokoa mutoto. Kiingereza cha 1996 kilizoea kusema juu ya wafu kwamba wamekwenda katika upande mwingine wa ulimwengu, kama watu waliohama muji. Goku akiwa safarini huko kwa wafu, anaanguka mpaka jehanamu, anakutana na majitu mawili yenye kulinda pahali pale. Juu ya nguo zao pameandikwa neno la jehanamu kwa Kiingereza, herufi nne. Watu wa Marekani walichezea herufi zile, wakaandika H, F, I, L, wakaeleza kwamba maana yake ni nyumba ya washindwa wasio na hesabu. Ndivyo jehanamu ilivyogeuka klabu ya wenye kushindwa muchezo.

Sasa tufike kwenye muji wa kijana wetu. Wasaiyan wawili, Nappa na Vegeta, wanashuka katikati ya muji mukubwa. Nappa anainua vidole, na muji wote unakuwa shimo. Ni picha ya kuogopesha, na Wajapani waliifanya hivyo kwa kusudi, ili tujue ni watu wa namna gani wanaokuja. Katika Kiingereza mumoja wao anasikitika kwamba leo ni Jumapili, nyumba hazikuwa na watu. Baadaye ndege zinapasuka hewani, na sauti inatuambia upesi kwamba waliokuwa ndani wameonekana wakishuka salama kwa miavuli yao. Macho hayaoni muavuli wowote.

Hapa muangalie vizuri: ngumi hazikuondolewa. Muji bado unavunjwa, ndege bado zinapasuka, watu bado wanapigwa mpaka mifupa. Kilichoondolewa ni mwisho wake tu. Mutoto wa Japani aliona ubaya na akaona matunda ya ubaya. Mutoto wa Marekani aliona ubaya uleule, akaambiwa kwamba hauzai kitu. Wale waliotaka kumulinda wamemufundisha kwamba unaweza kubomoa muji mukubwa na hakuna mama atakayelia. Kwangu mimi, mafundisho hayo ni mabaya kupita damu yote waliyoifuta.

Hasara inakuwa kubwa zaidi katika kifo cha Piccolo. Huyu ni mwana wa mufalme wa mashetani, adui wa kuapa wa Goku. Alimuchukua Gohan, mutoto wa adui yake, akamufundisha porini kwa ukali, kusudi amutumie kama silaha. Siku ya vita Nappa anamutupia Gohan muwako wa kumumaliza. Mutoto amekazwa na hofu, hawezi kukimbia. Piccolo anaruka mbele yake, anafungua mikono, anapokea muwako wote katika mwili wake. Akifa anatoa machozi, anakiri kwamba mutoto yule peke yake ndiye aliyeongea naye kama mutu.

Mutu ataniambia: "Lakini katika hadisi hiyo wafu wanarudi. Kuna mipira saba ya joka. Ukiikusanya unaomba, na mufu anafufuka. Basi kifo chenyewe ni muchezo." Neno hilo lina nguvu, na kweli baadaye Toriyama alitumia mipira ile mara nyingi kupita kiasi. Lakini angalieni sheria za hadisi yenyewe. Joka la dunia haliwezi kumurudisha mutu yuleyule mara mbili. Kwa hiyo Chiaotzu mudogo, aliyekwisha kufufuliwa mara moja, anajitoa akijua kwamba mulango huo umefungwa kwake. Na Piccolo amefungwa na yule aliyeifanya mipira: akifa mumoja, anakufa mwingine, na mipira inageuka mawe. Kifo chake kinaondoa hata dawa ya kifo. Hakuna kifo kingine katika hadisi yote chenye bei kama hicho. Kukiita safari ya kwenda upande mwingine ni kumunyanganya Piccolo sadaka yake. Mutu anayehama tu hatoi kitu kwa ajili ya mwenzake.

IV. Mukombozi aliyeongezwa

Kosa la pili linakwenda kinyume cha lile la kwanza. Pale waliondoa, hapa waliongeza.

Katika nyota Namek, Goku anapigana na Frieza, mutawala mukatili. Frieza anamuua Krillin, rafiki wa utoto wa Goku, na hasira inamugeuza Goku: nywele zinakuwa rangi ya zahabu, macho yanabadilika. Frieza anamuuliza yeye ni nani. Katika Kijapani jibu ni fupi. Goku anasema ni Musaiyan aliyetoka duniani kusudi amushinde. Ni mupiganaji wa hadisi za zamani, mwenye moyo mutulivu, aliyeamshwa na hasira. Katika Kiingereza cha 1999 jibu limekuwa hotuba. Goku anajitangaza kuwa tumaini la ulimwengu wote, mulinzi wa wasio na kosa, mwanga katika giza, na mengine ya namna hiyo.

Ninajua wamoja wetu wangefurahi kusikia maneno hayo. Wangesema: "Tazama, hata wapagani wanatafuta Mukombozi; tulitumie hilo katika katekismo." Mimi sifurahi. Kwanza, si maneno ya Goku. Huyu ndiye aliyemusihi Krillin asimuue Vegeta aliyeshindwa, nusu kwa huruma, nusu kwa kuwa alitaka kupigana naye tena. Huyu ndiye, katika vita na Cell, aliyemupa adui dawa ya kurudisha nguvu kusudi apigane sawasawa na Gohan, mutoto wake mwenyewe. Piccolo akamukaripia kwamba hajui moyo wa mutoto. Goku ni mutu mwema mwenye kilema kikubwa: anapenda vita kupita anavyofahamu watu. Uzuri wa hadisi umo katika kilema hicho. Ukimuvika kanzu ya mukombozi, kilema kinakuwa uongo ao kinakuwa fumbo lisilo na maana.

Pili, mukombozi wa kununuliwa kwa hotuba ni hatari kwa kijana. Anamuzoeza kudhani kwamba mwenye nguvu nyingi, akisema maneno mazuri juu ya amani, ndiye mwanga. Sisi wa nchi hii tumesikia watu wa namna hiyo. Hatuna haja ya kufundishwa kuwapenda.

Kosa hilohilo liligusa hata baba ya Goku. Katika Kijapani, Vegeta anamudharau Goku kwa kuwa ametoka katika wapiganaji wa cheo cha chini, na Goku anamujibu kwamba mutu wa chini akijitahidi anaweza kumupita mwenye cheo. Hilo ni neno kubwa la hadisi yote. Lakini Kiingereza cha mwanzo kilimutia Vegeta mudomoni kwamba baba ya Goku alikuwa mutaalamu wa ajabu. Na filimu ya televizyo ya 1990 juu ya baba huyo, Bardock, inaonyesha wazi kwamba alikuwa askari wa chini tu, aliyekufa akimupinga Frieza peke yake. Mutoto wa mutu mudogo amepewa ukoo wa heshima ambao hakuuhitaji. Na sauti ya shamba, ile ya mama Nozawa, imekuwa katika Kiingereza sauti ya mwanaume shujaa, nzito na safi, isiyo na kijiji. Ninamusifu Schemmel kwa nguvu zake. Lakini kijiji kimepotea.

V. Filimu za sinema

Kuna pia filimu za sinema. Tangu 1989 mpaka 1995 Toei ilifanya 13 za Dragon Ball Z, fupi zaidi, za kuonyeshwa wakati watoto wako katika likizo. Nyingi zina mufupa mumoja: adui anakuja, rafiki wanaangushwa mumoja mumoja, Goku anafika mwisho, anapigwa, anakusanya nguvu, anashinda. Zinatazamwa kwa furaha, zinasahauliwa kwa upesi.

Moja inafaa kufikiriwa, kwa kuwa ilifanywa mara mbili. Mwaka 1993 waliingiza Broly, Musaiyan mwenye nguvu zisizo na kipimo, mwenye kumuchukia Goku. Sababu ya chuki? Walipokuwa watoto wachanga walilala karibu, na Goku alilia sana. Hiyo tu. Mwaka 2018 Toriyama mwenyewe aliandika hadisi ya Broly upya, na Tatsuya Nagamine akaiongoza. Sasa Broly ni mutoto aliyelelewa katika nyota ya ukiwa na baba mwenye kisasi, ambaye alimuvika ukanda shingoni wa kumutia maumivu, na aliyempiga risasi munyama, rafiki yake wa pekee, mpaka sikio likakatika. Broly anavaa manyoya ya sikio lile kiunoni mwake kwa ukumbusho. Frieza anamuua baba yake kwa siri, kusudi huzuni imugeuze wazimu. Mwisho wake hashindwi kwa ngumi: msichana mumoja anayemuhurumia anamuomba joka amuondoe vitani. Kiisha Goku anamufuata na chakula.

Na Kiingereza cha filimu hii? Hakikuficha kitu. Baba anakufa, na ni kifo. Watengenezaji ni kampuni ileile ya Texas. Ilikuwa imekwisha kurudi nyuma na kutengeneza: mwaka 2005 ilitia sauti upya vipande 67 vya mwanzo bila kuvikata, na tangu 2010 ikatoa Kiingereza cha Dragon Ball Kai, muhutasari wa 2009, kilicho karibu zaidi na Kijapani. Watazamaji hawakukimbia. Filimu ya 2018 ilipata zaidi ya milioni 100 za dola duniani pote. Nadhani hilo linatosha kuwajibu wale wa 1996: watu waliweza kubeba ukweli.

VI. Neno kwetu wenye kufasiri

Labda mutu atasema: "Padri, na sisi je? Hatusemi kwamba muzee amelala, ametutoka, ametangulia?" Ndiyo, tunasema. Lakini tunasema hivyo mbele ya sanduku, na wajane wanalia, na shimo limechimbwa. Neno laini halimudanganyi mutu pale, linamuheshimu tu. Kipimo tunakiona katika Evanjili ya Yoane, sura ya 11. Bwana aliwaambia wafuasi wake kwanza kwamba Lazaro amelala. Walipokosa kufahamu, wakadhani ni usingizi wa kweli na kwamba atapona, hakuwaacha katika kosa lao. Aliwaambia waziwazi kwamba amekufa. Neno laini ni halali mpaka pale linapoanza kuficha. Kuanzia pale, upendo wenyewe unadai neno gumu. Na bila neno hilo gumu, kumufufua Lazaro kungekuwa kumuamsha mutu kitandani.

Ndugu waseminari, siku moja mutasimama kando ya padri mugeni ao muzee, mukifasiri mahubiri yake. Ninyi makatekista munafanya hivyo tayari. Mutajaribiwa kwa namna zote mbili za wale wa Marekani: kuondoa neno gumu kwa kuwahurumia wasikilizaji, na kuongeza neno kubwa kusudi wapige makofi. Mwenye kuondoa anadhani watu ni watoto. Mwenye kuongeza anadhani ukweli ni maskini. Wote wawili wamekwisha kuacha kumusikiliza yule anayesema.

Kwa upande wa vijana, shauri langu ni hili. Musiwakataze Dragon Ball. Watatazama hata hivyo, na kuna mema ndani yake. Yule mutakayemukuta na Kiingereza, mumuonyeshe Kai, ao vipande vya 2005. Vile vya 1996 vinafaa kwa darasa la kufasiri, kama mufano wa yasiyopaswa kufanywa. Mukifika kwenye kifo cha Piccolo, musimamishe simu, muwaulize: huyu ametoa nini?

Kijana wa kwaya alirudi Jumapili iliyofuata kutafuta jibu lake. Nilimwambia: "Wamekufa, wote. Ndiyo maana ilipasa mutu asimame mbele ya wale wawili." Akatikisa kichwa, akasema alidhani hivyo tangu mwanzo.